Arusi ya Ifrah na Programu Mpya

Ifrah alinipigia simu kutoka ng'ambo siku chache baada ya sisi kumzika mama yake. Nilikuwa dukani kwangu, hili kubwa lenye kiyoyozi, na nilipoiona ile namba ndefu ya nje nilijua ni yeye kabla sijapokea. Tulisalimiana, tukaombeana dua, nikamwambia jinsi watu walivyojaa makaburini. "Adeer Hassan," akasema, yaani ami Hassan, "ile video ya arusi yangu, ya upande wa wanawake. Unayo?" Nikamwambia sina. "Najua ilifutwa. Lakini nyinyi watu wa video hubaki na kopi. Hata kipande." Hata kipande sina. "Hata sauti tu, adeer. Wanangu hawaijui sauti ya nyanya yao." Na kweli hawaijui, kwa sababu baada ya mwaka wa arusi ile mama yake, Eeddo Dahabo, shangazi wa sote, hakukubali tena kurekodiwa na mtu yeyote. Simu zilipokuja na watu wote wakaanza kutumiana sauti, yeye alikataa. Ukitaka kumsikia, umpigie, na ukikata, basi imekwisha. Nikamwambia Ifrah, Mungu amrehemu mama yako. Akasema amin. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa ngoja niseme mimi ni nani, maana sipendi mtu aanze kunihurumia kabla hajanijua. Mimi ndiye Hassan Fidio. Toka Modogashe hadi Dadaab, uliza arusi nzuri ilipigwa video na nani, utatajiwa jina langu. Shule niliiacha nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na leo wenye digrii wananiletea kazi, wanakaa kwenye kochi langu wanasubiri. Nina kamera inayopaa hewani, nina vijana na mabinti wanaonifanyia kazi, nina gari lenye jina langu mlangoni. Hakuna aliyenipa. Haya yote niliyapata kwa macho yangu na vidole vyangu. Na kusoma nilikuja kujifunza nikiwa na ndevu, darasa la jioni la watu wazima, nikikaa benchi moja na wachuuzi wa maziwa. Hiki unachokisoma nimekiandika mwenyewe. Lakini mwaka ninaousimulia sikuwa nimefika benchi lile, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Duka la mwaka ule lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya soko la mbuzi. Ukilijua joto la Garissa huhitaji maelezo. Usipolijua, basi jua kwamba mchana tulikuwa tukilowesha taulo, tunalikamua, tunaifunika nalo kompyuta kama mgonjwa wa homa, na mimi najitupia lingine mabegani. Mbuzi walilia siku nzima ukutani, na jenereta ilikaa nje ya mlango, ikikohoa. Katikati ya chumba lilining'inia pazia la kitambaa cha dera, rangi ya komamanga. Upande wa mlango ulikuwa wangu. Upande wa ndani ulikuwa wa Sahra, mpiga video wangu wa wanawake. Kompyuta ilikuwa moja tu, juu ya meza yenye magurudumu, na asubuhi tuliisukuma upande wake, baada ya adhuhuri inarudi upande wangu.

Pazia lile ndilo lililokuwa biashara yenyewe. Kwetu arusi moja ni mbili. Wanaume wana yao: shehe, nikaha, wali na nyama, wazee wakisifia ukoo hadi watu wanasinzia. Wanawake wana ukumbi wao, na mle ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, ngoma inapigwa, na mmoja mmoja anaingia katikati kucheza huku akiimba buraanbur, yale mashairi wanayotunga wenyewe. Mwanamume haingii. Hata jicho lake haliingii kupitia kioo cha kamera. Kwa hiyo huko alipiga Sahra, akakata na kuunga Sahra, na diski ikatoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwa mama wa bibi arusi. Sahra alikuwa ameachwa na mumewe, amemaliza sekondari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha bucha. Mimi nilitembea mjini nikijigamba: Hassan Fidio hajawahi kuona hata kisigino cha mke wa mtu. Na ilikuwa kweli, wallahi. Arusi za wanawake nilizijua kwa masikio tu. Asubuhi nakula anjera na maini upande wangu, nalala chali kwenye mkeka, na ng'ambo ya pazia nasikia ngoma, vigelegele, na Sahra akicheka peke yake: "Naa, huyu mama anaruka hivi na miguu yake mibovu!" Nikimuuliza ni nani, ananijibu, "Kunywa chai yako."

Na kazi yangu mimi niliifanyaje bila kusoma? Vizuri kuliko wanaosoma. Ile programu ya kuunga video niliijua kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Picha ziko kushoto. Televisheni ndogo iko kulia. Chini kuna mikanda: wa juu picha, wa kati sauti, wa mwisho maandishi, ambayo Sahra aliniandikia majina nami nikayapachika. Kitufe cha kukata kiko pale, cha kufunga kiko kona ile. Kidole changu kilikwenda chenyewe. Ningeweza kuchukua sauti ya shehe nikaitandika chini ya picha za ngamia wakinywa maji mtoni, machozi yakakutoka. Maneno ya Kiingereza yaliyokuwa juu ya vitufe sikuyahitaji, kama vile huhitaji mtu aandike "mlango" juu ya mlango. Mtu akinipa karatasi nisome, nilikuwa nasema macho yangu yamechoshwa na skrini.

Kisha ile kompyuta ikafa. Vumbi, joto, umeme wa kuruka, ilikohoa mara moja ikazima. Nikaagiza mpya Nairobi, ikaja kwenye basi imefungwa kwa blanketi, nikaichinjia mbuzi kama mtoto. Tulipoiwasha na kufungua programu yangu, jina lilikuwa lile lile, alama ile ile, lakini nilipoingia ndani nilikuta wamenivunjia nyumba.

Sijui mtu anayekaa ofisini akaamua kitu kinachofanya kazi kibadilishwe anafikiria nini. Mikanda yangu mitatu ilikuwa imeondolewa. Badala yake kulikuwa na safu ya vijipicha vimefuatana kama kondoo wanaopelekwa josho. Sauti haikuwa na mkanda wake, ukiiweka inatambaa juu ya picha nzima. Juu kabisa wametandaza utepe mpana wa vitufe, vingine vinatokea, vingine vinapotea kulingana na ulichogusa. Kazi zangu za zamani haikuzifungua kabisa. Na jambo baya kuliko yote, ilikuwa na uhodari ambao hakuna aliyeuomba: yenyewe ilitafuta video zote zilizomo kwenye mashine, ikazikusanya mahali pamoja, ikazipanga kwa saa zilizopigwa. Zamani nilikuwa na zizi langu na Sahra ana zizi lake. Sasa mchungaji mgeni amewafungulia wote malisho mamoja.

Wiki zile nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilitukana mashine, nikamtukana aliyeitengeneza na mkwe wake. Wateja walikaa kwenye benchi nje, na nilikuwa nawasikia. "Fidio amezeeka." "Hajazeeka, ameshiba." "Mke wangu anauliza kama mtoto atazaliwa kabla ya video ya arusi kutoka." Wanacheka. Sahra ndani ya siku chache alikuwa ameishika, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Alijaribu kunisaidia. "Hassan, ukiweka mkono juu ya kitufe, kinakwambia kazi yake. Hapa kinasema—"

"Usinisomee. Mimi si mtoto."

"Sijasema wewe ni mtoto. Nasema imeandikwa."

"Nilikuwa nakata video wewe ukiwa bado unakata vitunguu."

"Haya," akasema, akalivuta pazia. "Lakini usiguse kile cha mwisho kulia, chenye nyota. Hicho kinachukua kila kitu kinatengeneza filamu chenyewe. Nimekwambia." Mimi nikasikia maneno mawili tu: kinatengeneza chenyewe.

Ndipo ikaja arusi ya Ifrah. Mama yake, Eeddo Dahabo, alikuwa mjane na mfanyabiashara wa mbuzi, na hapo sokoni hakuna mwanamume aliyemshinda kwa bei. Alisimama katikati ya vumbi amejifunika nguo nyeusi tupu toka utosini hadi ukuchani, macho tu yakionekana, akiwapapasa mbuzi mgongo na kusema "huyu ana minyoo" kwa sauti iliyowanyamazisha madalali. Tulikuwa majirani kwa miaka, ukuta kwa ukuta, na sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Binti alikuwa anaolewa na kijana wa Habaswein. Baba wa kijana, Haji Muhumed, hakuweza kuja kwa sababu ya mguu, akaagiza video ya wanaume imfikie kabla ya Ijumaa, maana amewaalika wazee wenziwe waje waitazame. Nikamtumia salamu: Haji asiwe na wasiwasi, anashughulika na Hassan Fidio.

Alhamisi mchana lori la kwenda Habaswein linapakia mchele, dereva anapiga honi kuniharakisha, na mimi sina filamu. Nilikuwa nimepanga kondoo wangu mara tatu, mara tatu wakatawanyika. Sahra alikuwa amekwisha kuingiza kwenye mashine kadi ya kamera yake, ya upande wa wanawake, asubuhi na amekwenda kuwapikia watoto. Nikakitazama kile kitufe chenye nyota. Nikakibonyeza. Mashine ikafikiri, kisha ikaanza kunionyesha ilichokifanya, na ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe: shehe, mikono inashikana, bwana arusi anatabasamu, mpito laini kama maziwa. Nikajipigia kofi pajani. Halafu ghafla skrini ikawaka rangi. Machungwa, kijani, dhahabu, mkono wenye hina, nywele.

Nikageuza uso ukutani.

Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya. Ukifungua mlango ukamkuta mke wa mtu hajajifunika, hufikiri, unageuka. Nilidhani nimefungua kazi ya Sahra kwa bahati mbaya, basi. Uso ukiwa ukutani, natazama msumari na kutu yake, nikanyoosha mkono nikasukuma mausi hadi kwenye ile kona niliyoijua, kona ya kufunga, nikabonyeza. Kwenye ile programu ya zamani, hapo pangefunga. Kwenye hii mpya, hapo walikuwa wamehamishia kitufe cha kukubali na kuchoma diski. Niliposikia diski inazunguka nikasema alhamdulillah, imeachana na ya Sahra imerudi kwenye yangu. Nilipogeuka skrini ilikuwa na mstari unaojaa polepole tu. Diski ikatoka, moto. Sikuitazama. Tangu lini Hassan Fidio akatazama kazi yake mara ya pili? Nikaikimbiza kwenye lori.

Yaliyotokea Habaswein nilisimuliwa na dereva yule yule, na alinisimulia bila kunitazama. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mazulia uani kwa Haji Muhumed, chai ya maziwa ya ngamia imepita, nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa kwenye samli, imepita. Wakamwona shehe wakaitikia dua. Wakamwona mwana wao wakamsifu. Kisha akaingia katikati ya skrini mwanamke mtu mzima, dera la dhahabu, nywele nyeupe zimefunguliwa hadi kiunoni, anacheza na kuimba, analitaja jina la marehemu mumewe. Wengine walijifunika uso kwa mashuka yao. Mmoja akapiga kelele, "Zima!" "Nizime wapi?" "Zima tu, waryaa!" Rimoti haipatikani, huyu anabonyeza inaongezeka sauti, yule anapiga televisheni kofi. Mwishowe Haji mwenyewe akaburuta mguu wake akaung'oa waya. Lakini uani pale palikuwa na watu waliowahi kuleta mbuzi Garissa, na ile sauti waliijua. Mmoja akasema polepole, "Huyo si ni Dahabo?"

Habari ilifika kabla ya lori. Na mji haukunitaja mimi kwanza, ulimtaja Sahra. Nani aliyekuwa na video ya wanawake? Sahra. Mwanamke aliyeachwa anataka nini? Amewauzia. Wanawake walikuja mlangoni wakamwita majina ambayo siyaandiki, na yeye alisimama nyuma ya lile pazia akijibu, "Mimi diski yangu ninayo. Hii hapa. Muulizeni Hassan." Na watu walipoanza kusema hatapiga arusi nyingine tena, na watoto wake wasicheze na watoto wao, nilijua ni mimi ninayeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja.

Wakaita maslaha, kikao cha wazee cha kusuluhisha. Tulikaa sebuleni kwa ndugu yake Haji, matakia ukutani, sahani ya halua katikati ambayo hakuna aliyeigusa, wanawake chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Nikapewa nafasi ya kusema, na mimi nikasema. Nikaeleza ubaya wa programu mpya. Nikaeleza mikanda mitatu. Nikasema Wazungu wamebadilisha vitufe bila kumuuliza mtu, na kwamba katika kaunti nzima hakuna anayejua kazi hii kama mimi. Mzee aliyekuwa akiongoza, mtu mwenye ndevu za hina, alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akauliza kwa upole, "Hassan, hicho kitufe ulichobonyeza, kiliandikwa nini?"

Nikasema macho yangu yalikuwa ukutani, kwa heshima. Wazee wakaitikia kwa vichwa, hilo wamelikubali. "Hicho cha pili, sawa," akasema mzee. "Nauliza cha kwanza, cha nyota. Hapo macho yako yalikuwa wapi? Sahra anasema alikuonya. Wewe unasema hukuonywa?"

Ningesema hakunionya, wangeniamini, na Sahra angekwisha. Ningesema sijui kilichoandikwa kwa sababu siwezi kusoma, angepona. Nilikaa pale nikiitazama halua ile, jasho linaniteremka, na siwezi kusema nilikuwa karibu na lipi. Nataka kusema nilikuwa karibu na ukweli. Sina hakika. Kutoka chumba cha pili nilimsikia Sahra anakohoa mara moja, kikohozi kikavu.

"Hassan," akasema mzee, "hujui kusoma."

Nikainua macho kumtazama.

"Mji mzima unajua, mwanangu. Ukipewa karatasi unasema macho. Mwaka jana ulitundika bango la arusi juu chini. Sisi tulinyamaza tu, kumbe ni wewe usiyejua kwamba tunajua." Mtu mmoja alicheka, akajifunika mdomo, kisha wakacheka wote, hata kutoka chumba cha pili niliwasikia wanawake. Halikuwa cheko baya. Ndilo lililoniua. Sahra akasafishwa hapo hapo, jina lake likarudishwa mbele ya watu, nami nikatozwa mbuzi wa kuombea radhi. Lakini neno lililomwokoa halikutoka mdomoni mwangu. Mwingine alinisemea, kama anavyosemewa mtoto mdogo kwa daktari.

Wale mbuzi Eeddo Dahabo aliwakataa. Alituma neno kwamba anataka kuja dukani.

Alikuja asubuhi na wanawake wawili, amefunikwa kama kawaida yake. Alinipita mlangoni bila salamu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikatoka nikakaa nje juu ya mtungi wa maji, karibu na jenereta. Nilisikia meza ikisukumwa. Nilimsikia Sahra akisema, "Hii ndiyo yote, eeddo, na kadi yenyewe hii hapa, na diski mbili, yangu na ile iliyorudi kutoka Habaswein. Hakuna nyingine duniani." Kisha ngoma ikaanza, na sauti yake ikaja kupitia mabati. Haikuwa ile sauti ya sokoni. Ilikuwa ya msichana. Aliimba habari za mumewe na habari za binti anayeondoka, na maneno yake nimeyashika hadi leo, yote, lakini sitayaandika hapa, na Ifrah sikumwambia kwamba ninayo. Hayakuwa yangu kuyasikia.

Ngoma ikaisha.

"Huyo ni mimi?" akauliza Eeddo Dahabo.

"Ni wewe, eeddo."

"Rudisha."

Sahra akarudisha. Mara hii mmoja wa wale wanawake akapiga makofi. "Naa Dahabo! Haya yote umetuficha ndani ya nguo nyeusi!" Na Eeddo Dahabo akacheka, cheko fupi, la kushtukia. "Mabega bado yanajua," akasema. "Rudisha tena." Nadhani alikuwa hajawahi kujiona maishani mwake isipokuwa kwenye kioo. Waliitazama mara nyingi. Chai yangu iliganda utando juu, mbuzi wakapita, mteja akaja nikamfukuza kwa mkono. Kisha nikasikia sauti yake ya sokoni imerudi. "Wanaume wa Habaswein waliona mpaka wapi?"

"Mpaka hapa."

"Hapa ninapomtaja yeye?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi ndefu. Sahra akasema kwa haraka, "Eeddo, naweza kuitoa yote kwenye mashine, ibaki diski moja tu. Uifungie sandukuni mwako. Iwe ya Ifrah."

"Na siku nikifa, sanduku atafungua nani? Sisi tuliamini pazia, binti yangu. Vunja diski hizo, kisha futa."

Jenereta ilikuwa inakohoa kando yangu, na nilitamani izime yenyewe, umeme ukatike, siku ile iishe bila jambo hilo. Haikuzima.

"Inauliza," akasema Sahra, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Imeandika hapa. Inauliza kama una hakika."

"Sasa ndiyo inauliza?" akasema Eeddo Dahabo. "Bonyeza."